Ablativu ya Kilatini na Suala la Mtenda Asiyetajwa

Vitabu vingi vya sarufi ya Kilatini humkabili mwanafunzi kwa orodha ndefu ya matumizi ya uhusika wa ablativu: ala, namna, sababu, wakati, mahali, utengano, ulinganishi. Orodha hiyo ina manufaa yake, lakini yaweza kumpotosha mhakiki akadhani kwamba kazi yake ni kuchagua jina moja na kulibandika. Katika matini za kifasihi, aghalabu maana imo katika kule kutochagua.

Hali hii ina chanzo cha kihistoria. Ablativu ya Kilatini ilirithi kazi za uhusika wa aina tatu zilizokuwa mbalimbali katika lugha mame ya Kihindi-Kiulaya: utengano, ala na mahali. Ndiyo sababu umbo moja, Athenis, laweza kumaanisha "kutoka Athens" au "huko Athens", na muktadha ndio unaoamua. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, kwani "kwa" nayo hubeba ala ("kwa kisu"), namna ("kwa hasira") na mahali ("kwa mjomba").

Suala hili huwa zito zaidi katika muundo uitwao ablativu huru. Maneno mawili tu, urbe capta, yanaeleza kutekwa kwa mji bila kiunganishi na bila mtenda. Julius Caesar aliutumia muundo huu mara nyingi katika masimulizi yake ya vita vya Gallia, vilivyoanza mwaka 58 K.K. Yeye mwenyewe hujitaja katika nafsi ya tatu. Ablativu huru nayo humwezesha kutaja maangamizi pasi na kumtaja aliyeyatenda. Hata hivyo, si haki kuliona kila tukio la muundo huu kuwa hila. Vitenzi vingi vya Kilatini havina umbo la kivumishi la wakati uliopita katika kauli ya kutenda. Mwandishi hulazimika kutumia kauli ya kutendwa. Mhakiki makini basi hana budi kutenganisha pale ambapo sarufi imelazimisha kimya na pale ambapo kimya hicho kinamfaa msimulizi.

Mfasiri wa Kiswahili hukutana na tatizo hili uso kwa uso. Akiandika "Alipouteka mji, Caesar aliondoka", kiambishi cha nafsi kimekwisha kumtwika Caesar tendo ambalo matini haikumtwika waziwazi. Akiandika "Mji ulipotekwa", mtenda amebaki amefichwa, lakini uhusiano umefungwa kuwa wa wakati, ilhali ablativu huru yaweza pia kuonyesha sababu, sharti au hata ukinzani. "Mji ukiwa umetekwa" huhifadhi zaidi utata huo, ingawa hupoteza wepesi wa maneno mawili ya asili.

Kwa hiyo, uchaguzi baina ya tafsiri hizi tatu si wa mtindo pekee. Katika masimulizi ya vita, ni uchaguzi wa nani atabebeshwa lawama ya mji uliotekwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kutambua aina za ablativu bila kuuliza swali hilo amejifunza sarufi ya Kilatini, lakini hajaanza kuisoma fasihi yake.