Kutoka Gomes hadi gomesi: Uhakiki wa Nguo Nzuri ya Bei Nafuu katika Masoko ya Jinja na Mbale

Utangulizi

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na mashairi. Ni mara chache tunapohakiki kitu wanachokivaa mama zetu. Hata hivyo vazi nalo lina fani na maudhui. Lina mtunzi wake, lina hadhira yake, na lina mhariri wake, yaani fundi wa cherehani. Katika makala hii nakusudia kulitazama vazi la gomesi jinsi linavyonunuliwa na kushonwa katika miji ya Jinja na Mbale, na kulilinganisha na biashara iliyoenea Ulaya na Marekani, ambapo mbunifu mashuhuri hushirikiana na duka kubwa la umma ili watu wa kipato kidogo nao wapate nguo yenye mkono wake. Swali ninalotaka kulijibu ni moja tu: nguo ya mbunifu huwa mali ya watu wa kawaida wakati gani? Je, ni pale bei inaposhuka, au kuna sharti jingine?

Mtindo wa ng'ambo

Mwaka 2003 duka la Target la Marekani lilianza kuuza nguo za Isaac Mizrahi. Mwaka uliofuata, 2004, kampuni ya H&M ya Uswidi ilimwalika Karl Lagerfeld, aliyekuwa akiibunia Chanel mavazi yake, na nguo hizo zikaisha kwa muda wa saa chache katika maduka mengi. Mwaka 2011 Target ilileta nguo za Missoni, familia ya Italia inayojulikana kwa mistari yake ya rangi iliyopindapinda. Siku ya kwanza wanunuzi walikuwa wengi kiasi kwamba mitambo ya duka ililemewa, na muda si muda walanguzi wakaonekana wakiziuza nguo zile zile kwa bei ya juu. Mwaka 2019 ilikuwa zamu ya Palesa Mokubung wa Afrika Kusini, mwenye alama ya Mantsho, kushirikiana na H&M; naye alikuwa mbunifu wa kwanza kutoka barani Afrika kufanya hivyo.

Tusiibeze biashara hii. Ina wema wake. Mwalimu au muuguzi wa Stockholm au Chicago, ambaye hangethubutu kuingia katika duka la Chanel, alipata kuvaa mshono uliofikiriwa na mtu anayeijua kazi yake. Aidha, wabunifu wenyewe walilazimika kufikiri juu ya mwili wa mtu wa kawaida na mfuko wake. Lakini hapana budi kuitaja kasoro moja kubwa. Nguo hizo hutolewa chache kwa makusudi, kwa muda mfupi, chini ya jina ambalo si ruhusa kwa mwingine kulitumia. Bei imeshuka, naam, lakini mlango umefunguliwa siku moja tu. Aliyechelewa hana pa kwenda isipokuwa kwa mlanguzi.

Mtunzi aliyesahaulika jina

Sasa tugeukie kwetu. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya mwanzo ya shule ya wasichana ya Gayaza, iliyofunguliwa na wamisionari mwaka 1905, palihitajika vazi la heshima kwa wanafunzi. Kazi hiyo alipewa fundi Mgoa wa Kampala aliyeitwa Gomes. Yapo masimulizi yanayohitilafiana kuhusu nani alianza na nani alirekebisha, na mimi sina haja ya kuyaamua hapa. Lililo wazi ni kwamba vazi lile halikubaki shuleni. Lilitoka Buganda likavuka mto Nile, likaingia Busoga, likafika Bugisu na kwingineko, mpaka leo mwanamke wa Jinja au wa Mbale anayekwenda harusini au matangani huhesabiwa kuwa amevaa kikamilifu akiwa amevaa gomesi.

Ukilitazama kwa jicho la mhakiki, huu ulikuwa ushirikiano wa namna ile ile: shule yenye wanafunzi wengi upande mmoja, mbunifu upande wa pili, na shabaha ya nguo nzuri isiyokuwa ya mabibi wakubwa peke yao. Tena wakati wenyewe ulisaidia. Mbegu za pamba zilikuwa zimeletwa Uganda mwaka 1903, na kabla ya miaka 10 kwisha reli ilijengwa kutoka Jinja hadi Namasagali, mwaka 1912, ili kuisafirisha pamba ya Busoga. Nguo za pamba zikazidi kuchukua mahali pa magome ya mti wa mutuba.

Fani yake ni rahisi kuieleza, ingawa si rahisi kuishona. Shingo ni ya mraba. Vifungo ni 2, upande wa kushoto. Mikono ni mifupi na mabega yake yamesimama kwa ncha. Chini vazi linafika kwenye nyayo, na kiunoni hufungwa mshipi mpana ambao ncha zake huning'inia mbele. Ndani huvaliwa kikoi ili kitambaa kisinate mwilini. Kwa jumla huhitaji kama mita 6 za kitambaa. Kila sehemu ina sheria yake, kama vile utenzi ulivyo na mizani na vina. Lakini ndani ya sheria hizo rangi, maua, urefu wa ncha za mabega na upana wa mshipi vimeachiwa mvaaji na fundi wake.

Hapa ndipo ninapoiona tofauti. Gomes aliacha kanuni ambayo mwingine aliweza kuitungia. Hakuna fundi wa Jinja anayemwomba mtu ruhusa. Na lugha yenyewe imetoa hukumu: jina la mtu limeteremka kutoka herufi kubwa hadi herufi ndogo. Wengi wanaosema gomesi hawajui kwamba palikuwa na mtu wa jina hilo. Wako watakaosema amedhulumiwa. Mimi nasema hiyo ndiyo heshima ya juu kabisa anayoweza kupewa mbunifu. Kaunda naye alipata bahati hiyo katika suti yake, na nchi nzima ya Marekani iliipata katika merikani.

Sokoni

Mwaka jana nilimsindikiza dada yangu Jinja kununua gomesi ya kuvaa katika sherehe ya posa ya binti wa ndugu yetu. Tulianza kwenye duka moja ambalo gomesi zilikuwa tayari zimeshonwa na kufungwa ndani ya nailoni, kila moja na lebo ya mji wa mbali. Zilimetameta vizuri. Dada alijaribu moja. Mabega yalikaa karibu na masikio, na mshono wa ubavuni ulianza kuachia kabla hajafunga kifungo cha pili. Muuzaji akatuambia kwamba huo ndio mtindo.

Tukatoka. Barazani kwa duka jingine alikuwapo fundi wa kike, mtu mzima, na cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Hakuuliza kwanza habari za pesa. Alimtazama dada, akasema, "Mama, siku hiyo unakwenda kukaa au kucheza?" Dada akajibu kwamba yeye ndiye shangazi, hivyo atapiga magoti sana kusalimu wageni na hatimaye atacheza. Fundi akatikisa kichwa, akasema basi upindo wa chini usizidi kisigino na mshipi ushonewe kitambaa kigumu ndani, usije ukateleza. Kisha ndipo akatuelekeza tukanunue mita 6 na wapi tusinunue.

Katika swali lile moja mlikuwa na uhakiki wote. Fundi alijua kwamba vazi halina maana nje ya tukio lake, kama vile methali isivyo na maana kamili nje ya mazungumzo. Lebo ya mji wa mbali haikuweza kumwuliza dada kama yeye ni shangazi. Na gharama, baada ya kujumlisha kitambaa na mshono, ilikuwa pungufu ya ile ya vazi la dukani.

Hata hivyo nisije nikadhaniwa ninapamba tu. Mita 6 ni nyingi kwa mkulima. Mbale, hasa katika mwaka wa imbalu, yaani mwaka unaogawanyika kwa 2, ambapo Wagisu huwatahiri vijana wao, mama wa kijana ana mengi ya kununua kabla ya kujinunulia vazi. Wapo wanaoazima gomesi kwa jirani. Na vazi lililozaliwa katika shule ya misheni lilibeba pia fikira za wakati wake kuhusu jinsi mwili wa msichana unavyopaswa kufichwa. Maudhui hayo tusiyafumbie macho kwa sababu fani imetupendeza.

Kitambaa ni cha nani?

Kasoro iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haiko katika mshono bali katika kitambaa. Palikuwa na wakati ambapo pamba ya mashariki ya Uganda ilisokotwa na kufumwa mashariki ya Uganda. Kiwanda cha NYTIL kilijengwa karibu na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na kikatumia umeme wake. Jinja ilikuwa pia na kiwanda cha Mulco, na Mbale ilikuwa na African Textile Mill. Sifa ya nguo hizo ilivuka mpaka, hata nchini Kenya wako mafundi waitao "jinja" kile kitambaa kizito cha pamba. Tazameni tena: mji mzima umeteremka hadi herufi ndogo!

Baadaye ikaja misukosuko. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini, vipuri vikakosekana, na katika miaka iliyofuata viwanda vilizorota. Cha Mbale kilinyamaza. Kile cha NYTIL kilipata wenyewe wapya katika miaka ya 1990 na kimeendelea kufuma, lakini sehemu kubwa ya pamba ya Uganda huuzwa nje ikiwa imechambuliwa tu, haijasokotwa. Majora mengi ya kitambaa cha gomesi tuliyoyapapasa siku ile yalikuwa ya poliesta na yametoka Asia. Fani ni yetu, fundi ni wetu, sherehe ni yetu; uzi si wetu. Ni kama mshairi mwenye bahari na vina ambaye kila neno analikopa.

Mivumba

Kuna njia nyingine ambayo kwayo nguo ya mbunifu wa ng'ambo hufika Mbale. Ni ndani ya robota. Wenzetu wa Kenya na Tanzania huita mitumba. Uganda tunasema mivumba. Vijana wetu wa shule huzijua lebo kuliko wazijuavyo waandishi wa vitabu, na hufukua lundo kwa ustadi wa kupigiwa mfano. Si ajabu kwamba shati lililogombewa katika duka la Ulaya humalizia safari yake kwenye turubai la sokoni, na kijana wa Mbale akalinunua kwa fedha ya chai. Huo nao ni unafuu. Lakini ni unafuu wa kupokea, usiotuachia kanuni ya kutungia.

Mwezi wa Agosti 2023 ilikuwa ni Mbale hapa hapa, katika eneo la viwanda la Wachina na Waganda, ambapo Rais Museveni alitangaza marufuku ya nguo hizo, akiziita nguo za wafu. Wafanyabiashara walipinga, na mivumba haikukoma kuuzwa. Nadhani tangazo lilikosea mahali pa kuanzia. Mtu hazuiwi kusoma kitabu kilichotumika mpaka awe amewekewa kipya anachoweza kukinunua. Jibu la akili zaidi lilitoka Kampala, kwa mbunifu Bobby Kolade, ambaye tangu 2022, chini ya alama ya Buzigahill, amekuwa akizikatakata nguo za mivumba, akiziunda upya na kuzirudisha kwa wanunuzi wa nchi zilikotoka. Ni kejeli safi, yenye fani madhubuti. Ila hadhira yake iko ng'ambo. Mama wa Mbale bado anasubiri ya kwake.

Hitimisho

Naweza sasa kulijibu swali nililoanza nalo. Nguo ya mbunifu haiwi ya watu wa kawaida kwa kushushwa bei siku moja. Inakuwa yao pale fundi wa barazani anapoweza kuishona bila kuomba ruhusa, na mvaaji anapoweza kuongeza lake. Bei ni mlango. Kanuni iliyo wazi ndiyo nyumba. Kwa kipimo hicho Gomes amewashinda mashuhuri wengi walio hai, na kwa kipimo hicho hicho viwanda vyetu vimetuangusha, kwani nyumba tuliyoachiwa tunaijenga kwa udongo wa kukopa.

Ningependa walimu wenzangu waipeleke mada hii darasani. Wanafunzi waulizwe: Ni majina gani ya watu na miji yaliyogeuka kuwa majina ya nguo katika lugha wanazozijua? Nani aliyeshona nguo uliyoivaa, na alikuuliza nini kabla ya kuikata? Mwanafunzi akishindwa kulijibu swali hili la pili, asilaumiwe. Apelekwe barazani akamsikilize fundi.