Tone la Damu Kisiginoni

Utafiti mkubwa wa afya ya kaya uliofanywa Kongo mwaka 2013 na 2014 ulipima malaria kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kipimo cha haraka, ambacho Wakongo hukiita TDR, kiliona maambukizi kwa asilimia 31 ya watoto hao. Darubini iliona asilimia 23. Nani alisema kweli? Na mtoto wa miezi mitatu wa komini ya Katuba au Kenya, pale Lubumbashi, yuko wapi katika hesabu hiyo?

Nianze na swali la kwanza. TDR haitafuti vimelea vyenyewe. Inatafuta HRP2, protini ambayo kimelea cha Plasmodium falciparum huimwaga katika damu. Dawa ikishaviua vimelea, protini hiyo huendelea kuzunguka mwilini kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mtoto aliyetibiwa vizuri mwanzoni mwa Januari, mvua za Lubumbashi zikiwa zimepamba moto, anaweza kurudi kituoni mwisho wa mwezi ana nimonia, na TDR bado ikachora mstari. Mama ataambiwa malaria imerudi, atapewa dawa ile ile, na mapafu yatabaki bila tiba. Hilo ni kosa la hatari kuliko linavyoonekana kwenye jedwali la asilimia.

Darubini nayo ina udhaifu wake, kwani vimelea vichache humponyoka msomaji aliyechoka. Lakini inaonyesha kimelea kilichopo leo, na inaweza kukihesabu. Ndiyo maana kwa mtoto mchanga aliyetibiwa karibuni naiamini slaidi ya darubini kuliko mstari wa TDR.

Kazi huanzia kwenye ngozi. Mtoto wa chini ya miezi sita hachomwi kidoleni, kwa kuwa nyama ni nyembamba na mfupa uko karibu. Huchomwa pembeni mwa kisigino, kina kisichozidi milimita 2.4. Mguu hupashwa joto kwanza, tone la kwanza hufutwa, la pili huwekwa kwenye kioo. Tone nene huachwa likauke bila kuunguzwa, kisha hutiwa rangi ya Giemsa, ambayo maji yake hupasua chembe nyekundu na kuacha vimelea na chembe nyeupe vikionekana.

Hapo ndipo hesabu inapokosewa kimya kimya. Msomaji huhesabu vimelea hadi afikishe chembe nyeupe 200, kisha huzidisha akidhani kila mikrolita ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Akiona vimelea 40, anaandika 1,600 kwa mikrolita. Lakini 8,000 ni kadirio la jumla, na damu ya mtoto mchanga mara nyingi ina chembe nyeupe nyingi zaidi. Siku za kwanza za maisha zinaweza kupita 20,000. Ikiwa mtoto huyo ana 12,000, vimelea vyake ni 2,400. Palipo na mashine ya kuhesabu chembe za damu, namba halisi ya mtoto itumike. Sioni sababu ya kutofanya hivyo katika hospitali kubwa za mji.

Vipimo vya kingamwili niviweke kando haraka: mama humpa mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma, hivyo kwa miezi ya mwanzo majibu hayo yanasimulia habari za mama. Hata vimelea vinaweza kupita huko. Malaria ya kuzaliwa nayo hutambuliwa kwa kuviona katika damu ya mtoto mwenyewe ndani ya siku saba za kwanza. Damu ya kitovu haitoshi, maana huchanganyika kwa urahisi na ya mama wakati wa kujifungua. Na slaidi ikionyesha vimelea kwa kichanga mwenye homa, antibiotiki zisisitishwe kwa hilo peke yake: maambukizi ya bakteria katika damu yana dalili zile zile, na huua haraka.

Sasa swali la pili. Kuanzia miezi sita kulikuwa na mantiki, kwa sababu kingamwili za mama na hemoglobini ya kijusi huwakinga wadogo kwa kiasi. Kukingwa kwa kiasi si kukosa vimelea. Tena Julai 2025 Uswisi iliidhinisha Coartem Baby, dawa ya malaria iliyotengenezwa kwa watoto wa kilo 2 hadi 5, ambao hadi hapo walipewa dozi zilizopangwa kwa wakubwa wao. Sasa kuna tiba yao, na hesabu yao bado ina pengo.

Kulijaza hakuhitaji msafara mpya wa watafiti. Mama wa Lubumbashi humpeleka mtoto chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tone moja la kisigino kwenye karatasi ya kukaushia siku hizo, lenye tarehe, uzito na jibu la kama mtoto alitibiwa malaria wiki za karibuni, linaweza kupimwa baadaye maabara kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea. Mtoto mwenye homa siku hiyo asingoje karatasi; achukuliwe slaidi papo hapo.