Kupendekeza Bila Kujipendekeza

Kitenzi "kupendekeza" kimejengwa juu ya mzizi wa kupenda, na maana yake ya ndani ni kukifanya kitu kipendeke mbele ya mtu mwingine, yaani kukisogeza karibu naye huku uamuzi wa kukipenda au kukiacha ukibaki mikononi mwake. Kikiongezwa silabi moja tu, "ji", kitenzi hichohicho hugeuka kuwa "kujipendekeza", neno ambalo Waswahili hulitumia kwa mtu anayetafuta kupendwa kwa maneno matamu, hasa mbele ya mkubwa wake wa kazi. Umbali kati ya maneno haya mawili ni mdogo kwa sauti na mkubwa kwa tabia, na hupimwa kila mara mfanyakazi anapomwambia mwenzake, kabla kazi za asubuhi hazijachanganya, kwamba kipo kitabu anachodhani kitamfaa. Tendo hilo dogo, ambalo halimo katika muundo wa utumishi wa taasisi yoyote wala halilipiwi posho, ni ufundi wenye kanuni zake, na kanuni hizo zote hurudi kwenye jambo moja, nalo ni kuizuia ile "ji" isipenye.

Methali husema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa bidhaa za sokoni yaelekea ni kweli, kwa kuwa embe lililoiva hunukia na nyanya mbovu haijifichi. Kitabu hakina harufu ya namna hiyo. Kikiwa kimepangwa rafuni kizuri hufanana na kibaya, na kuijua ladha yake humgharimu msomaji jioni kadhaa, gharama ambayo mtu aliyetoka kazini saa kumi na moja na kusimama kwenye daladala kwa muda wa saa nzima hawezi kuilipa kwa kubahatisha. Ndiyo maana kitabu kizuri, kinyume cha embe, huhitaji mdomo wa mtu. Midomo ya kukisemea ipo: mchapishaji hukisifu nyuma ya jalada, mwalimu hukitaja kwa sababu kimo katika mtaala, na muuzaji wa vitabu vilivyotumika hukisifu kwa sababu amekitandaza kando ya barabara na jua linamchoma. Mfanyakazi mwenza hana hata moja kati ya sababu hizo. Hapati kamisheni, badala yake huiweka rehani heshima yake, maana kesho na keshokutwa ataketi meza ileile na kunywa chai ya saa nne na mtu yuleyule, na kitabu kikiwa kibovu hatakuwa na pa kujificha.

Kanuni ya kwanza ya ufundi huu ni kumsoma mtu kabla ya kumpa cha kusoma. Ndugu humjua mtu kwa ukoo wake na jirani humjua kwa mlango wake, lakini mwenzake wa kazini humjua kwa jinsi anavyoshika kalamu akiwa na hasira, anavyopokea simu ya nyumbani kwa sauti ya chini, na anavyonyamaza baada ya kikao ambacho hoja yake haikusikilizwa. Ujuzi wa aina hiyo hauandikwi popote, ingawa ndio unaomwezesha mpendekezaji kuona ni njaa gani mwenzake anayo. Mtu anayejifunza ufundi, ambaye kwa Kiswahili huitwa mwanagenzi, hukosea hapa kwa kulinganisha kitabu na kazi ya mtu badala ya kukilinganisha na njaa yake. Akikutana na mtumishi wa bandarini humkimbilia na *Kuli*, riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1979 inayosimulia maisha ya wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948, akiamini kwamba mtu hupenda kusoma habari za kazi yake. Huenda akapatia, lakini yupo mtumishi wa bandari ambaye, baada ya kutwa nzima ya kuhesabu makontena, hataki kuiona bandari tena hata kwenye karatasi, na huyo atashukuru zaidi akipewa *Vuta N'kuvute* ya mwandishi huyohuyo, iliyotoka mwaka 1999, amfuate Yasmin anayeikimbia ndoa ya mume mzee na kutumbukia katika vuguvugu la siasa za Zanzibar ya wakati wa ukoloni.

Fundi aliyekomaa hutazama kwa ndani zaidi. Na achukuliwe karani aliyetumwa kwenye semina, akarudi na ripoti ya kurasa ishirini yenye mapendekezo ya maana, ripoti hiyo ikapokelewa kwa shukrani, ikapigwa muhuri na kulazwa kabatini. Karani huyo hahitaji kitabu cha uongozi bora wala cha mafanikio. Anayemjua atamletea *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951, kitabu chembamba kinachoweza kumalizwa kwa siku mbili. Humo, katika nchi inayoelea angani, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu sheria, naye anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta mema ya kuifaa nchi, na ambao waliporudi na mema hayo walilipwa adhabu. Wahakiki wengi wameisoma hadithi hiyo kama istiara, yaani usemi unaosema jambo moja huku ukikusudia jingine, na jambo lililokusudiwa wakaliona kuwa utawala wa kikoloni ambao mwandishi mwenyewe aliutumikia kama karani, ikiwemo katika idara ya forodha. Karani mwenye ripoti iliyolazwa kabatini hahitaji kuelezwa yote hayo. Atakapomfikia mjumbe wa pili atakuwa ameshajiona, na atajua kwamba aliyempa kitabu alimwona kabla yake.

Kanuni ya pili inahusu maneno ya kukipendekezea kitabu, ambayo uzuri wake ni uchache. Ofisi za serikali ya Tanzania zina hati iitwayo dokezo sabili, nayo ni karatasi ya maelezo mafupi inayopelekwa kwa mkubwa ikiwa peke yake, bila kufungwa ndani ya jalada lenye kumbukumbu zote za shauri. Pendekezo jema la kitabu ni dokezo sabili la mdomo: humpa msikilizaji yale tu yanayomtosha kuamua, na kumbukumbu nyingine huachwa zikae zilipo. Anayesimulia kitabu kizima kwa muda wa chai hakipendekezi bali anakisoma kwa niaba ya mwenzake, na hasara yake huonekana zaidi katika riwaya za upelelezi, ambazo uhai wake ni taharuki, yaani ile hali ya msomaji kubaki roho juu akitaka kujua litakalofuata. *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960 na kumtambulisha Bwana Msa na kiko chake kwa wasomaji wa Afrika ya Mashariki, hupendekezwa vizuri kwa mhasibu kwa sentensi moja: kwamba yumo humo mtu anayetazama vitu vidogo ambavyo wengine wamevipita. Mhasibu, ambaye kazi yake ni hiyohiyo, atakichukua. Kuongeza jina la muuaji kwenye sentensi hiyo ni kumwonyesha mtu chakula kisha kukila mbele yake.

Kanuni ya tatu ni ya mkono, kwa sababu pendekezo la kazini kwa kawaida huja pamoja na kitabu chenyewe. Lugha ya ofisi imelipa neno "jalada" maana mbili, kwani ni gamba la kitabu na pia ni faili linalotoka masijala, yaani chumba cha kumbukumbu, na kuzunguka meza hadi meza likikusanya saini. Kitabu kinachoazimwa huzunguka vivyo hivyo, ila hakuna daftari la kukisajili. Nakala iliyokwisha pita mikononi mwa watu watano hujieleza yenyewe: mgongo wake umeungwa kwa gundi ya karatasi, jalada limevishwa gazeti ambalo tarehe yake imepitwa na miaka, ukurasa mmoja una duara la kikombe cha chai, na katikati imesahauliwa stakabadhi ya umeme wa luku iliyotumika kama alama ya kusomea. Hata kitenzi "kuazima" husaidia kulieleza jambo hili, kwani wasemaji wengi hukitumia kwa anayetoa na kwa anayepokea pia, kana kwamba lugha haikuona haja ya kuwatenganisha. Methali huonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, maana mwenyewe aweza kuidai wakati wowote. Kitabu ni cha kuazima kisicho na tatizo hilo, kwa kuwa kikirudishwa kinaacha kilichosomwa kwa aliyekisoma.

Wala haipaswi kudhaniwa kwamba jambo hili ni la wenye meza na viti pekee. Mwaka 1865, katika kiwanda cha sigara cha El Fígaro mjini Havana, Kuba, wafanyakazi walianza kumlipa msomaji kwa michango ya mifuko yao ili awasomee kwa sauti wakati mikono yao ikisokota tumbaku. Utamaduni huo ulienea katika viwanda vingine, vitabu vya kusomwa vikawa vinachaguliwa na wafanyakazi wenyewe kwa kura, na watawala wa Kihispania waliuogopa kiasi cha kuupiga marufuku mwaka uliofuata, ingawa ulifufuka baadaye. Kura ile ilikuwa pendekezo la wengi kwa wengi, na ilithibitisha kwamba kazi ya mikono haifungi masikio, na kwamba watu wanaotoka jasho pamoja huweza kuaminiana juu ya hadithi ipi inafaa kusikilizwa.

Ufundi huu una hatari zake, na kila moja ni njia ya "ji" kurudi. Ya kwanza ni kumpelekea mkubwa kitabu ambacho kinajulikana kuwa kinamsifu, au kukisifu alichokitaja yeye kikaoni kabla hata ya kukifungua. Ya pili ni kujionyesha, pale mpendekezaji anapomtwisha mwenzake *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, riwaya fupi lakini ngumu kwelikweli, si kwa sababu itamfaa bali ili ajulikane kuwa yeye ameimaliza. Ya tatu ni kijembe, yaani neno la kumchoma mtu kwa mafumbo. Watu wa pwani, waliozoea kuona ujumbe umeandikwa kwenye pindo la kanga, hawapokei jina la kitabu bure bure: bibi harusi aliyerudi kazini baada ya fungate akikuta *Asali Chungu* ya Said Ahmed Mohamed mezani kwake, hata kitabu kikiwa kizuri kama kilivyo, atauliza ni nani aliyekiweka. Vivyo hivyo *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, yenye baba mlevi anayewabana binti zake kwa ukali, yaweza kumfungua macho mzazi aliyeomba ushauri, na ikamtukana yule ambaye hakuomba. Kitabu ni kilekile. Kilichobadilika ni ombi lililokuwepo au kutokuwepo.

Kwa hiyo fundi wa kupendekeza hutambulikana zaidi kwa yale asiyoyafanya baada ya kukitoa kitabu. Haulizi kila asubuhi mwenzake amefika ukurasa wa ngapi, hadai kisifiwe, na kikirudishwa bila kumalizwa hukipokea bila kununa, kwa kuwa aliacha uamuzi kwa mwenziwe tangu mwanzo. Thawabu yake, ikija, huja bila kutangazwa. Hutokea kikaoni, miezi kadhaa baadaye, ripoti nyingine ikipokelewa kwa shukrani na kusogezwa kando, karani akamtazama mwenzake upande wa pili wa meza na kunong'ona neno moja tu, "Karama", wote wawili wakainamisha vichwa kuficha kicheko. Hakuna mwingine mle chumbani anayeelewa, mpaka aliyeketi jirani atakapouliza Karama ni nani, na kuambiwa kwamba kipo kitabu.