Weusi Usio Masizi

Katika magereji ya Changamwe, yapokeayo malori yaliyotoka bandari ya Kilindini kabla hayajaikabili safari ya bara, yuko fundi ambaye sifa zake hazivumi, naye ni fundi wa pampu za dizeli. Aghalabu utamkuta ameinamia meza yake, sindano ya nozeli i katika ncha za vidole, akiigeuza mbele ya mwanga mithili ya sonara aikaguaye pete.

Baadhi ya sindano za injini za dizeli za zama hizi zimevikwa utando mweusi wa kaboni, wa aina waliyoieleza watafiti Aisenberg na Chabot mwaka 1971, nao unene wake ni mikromita chache tu, ilhali unywele wa binadamu hukaribia 70. Ndani yake zimechanganyika tabia mbili za kaboni, ugumu wa almasi na utelezi wa grafiti, ile tuijuayo katika penseli. Utando huo unapoanza kusuguana na chuma kitupu, chembe zake huhamia upande wa pili na kujitandaza, na uso wake wenyewe hugeuka taratibu ukaelekea ugrafiti, hata mwisho kaboni ikawa inateleza juu ya kaboni. Na kizigeu cha msuguano, ambacho kwa chuma kikavu juu ya chuma hufikia 0.6 au kuzidi, hushuka hadi karibu 0.1.

Haja ya vazi hilo imezidi tangu Januari 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipoweka kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Kwani usafishaji uondoao salfa huondoa pia vitu vya asili vilivyokuwa vikiilainisha pampu, na dizeli hiyo hulazimu irudishiwe ulaini kwa dawa.

Basi tazama hatari iliyopo mwanagenzi anapouona weusi ule, akaudhania masizi, akanyoosha mkono kuuchukua msasa ili chuma king'ae: kwa bidii yake hiyo angeweza kuiharibu kinga ya sindano. Fundi hamkaripii. "Wacha, mwanangu, hayo si masizi," humwambia, akauondoa msasa mezani, akamtilia dizeli safi katika kibakuli, na kumpa kitambaa kisichotoa nyuzi.