Nywele zilizonyonyoka kwa dawa ya saratani hurudije?

Mwaka 1957, wiki chache baada ya kuonyeshwa mtoto aliyevimba taya huku na huku katika hospitali ya Mulago, Uganda, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimkuta mwingine wa namna hiyo katika hospitali ya Jinja. Alipompima akagusa na vivimbe tumboni. Ugonjwa huo leo huitwa limfoma ya Burkitt, aina ya saratani. Kisu hakikuufaa; dawa ziliufaa, hasa saiklofosfamidi na vinkristini, zinazotumika hadi leo. Zinaponya, na zinanyonyoa nywele.

Dawa hizi huua seli zinazogawanyika kwa kasi, na kichwani karibu nywele tisa katika kila kumi huwa zinakua. Seli za chini kabisa ya kifuko cha unywele, zinazoutengeneza unywele wenyewe, hufa. Baada ya wiki mbili tatu nywele hutoka kwa mafungu. Lakini juu kidogo, ubavuni mwa kifuko, zimejificha seli shina, ambazo mtafiti Cotsarelis na wenzake walizionyesha mwaka 1990. Hizi hugawanyika kwa nadra, kwa hiyo aghalabu hunusurika. Dawa zikiisha huamka na kukijenga kifuko upya. Mtoto anayerudi Mbale na kichwa kitupu, basi, tayari anayo tiba ya seli shina ndani ya ngozi yake.

Ndiyo maana nawasihi wazazi wasiuze ng'ombe kununua sindano za kuotesha nywele za eksosomu, yaani vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli shina. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha hata moja. Tena hubeba ishara za kukuza seli, jambo la hatari kwa mwenye saratani. Hata kofia ya kupoza kichwa ili nywele zisinyonyoke haishauriwi kwa limfoma, kwani seli za saratani zaweza kunusurika kwenye ngozi iliyopozwa.

Wenye shida ya kweli ni wale ambao seli shina zenyewe zimekufa, mfano kwa busulfani kabla ya kupandikizwa uboho. Kwa ajili yao ipo kazi ya mtafiti Karl Koehler na wenzake ya mwaka 2020: walikuza maabarani, kwa miezi zaidi ya minne, ngozi ya binadamu yenye nywele kutokana na seli shina, wakaipandikiza kwa panya ikaota. Kwa binadamu bado.

Limfoma ya Burkitt hukua kwa kasi ya kutisha. Dozi isikatishwe kwa sababu ya nywele. Zikiwa hazijaota miezi sita baada ya dozi ya mwisho, mwambieni daktari wa kliniki.