Hanamu, Timazi na "Kidole" cha Gurudumu

Tafsiri tunayokusudia kuihakiki hapa ni fupi, nayo haikupigwa chapa na kampuni yoyote. Ni maelekezo ya kupima na kurekebisha magurudumu ya gari la umeme, yaliyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya gereji moja ya binafsi katika njia panda ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Jina la mfasiri halimo, wala jina la gereji hatuna haja ya kulitaja. Tumeichagua kwa sababu ni aina ya tafsiri isiyopitia mbele ya kamati yoyote ya istilahi, ilhali msomaji wake ni mtu aliyelala chali chini ya gari lenye uzito wa tani moja na nusu au zaidi.

Huenda mtu akauliza gari la umeme linatafuta nini Ngara na Biharamulo. Jibu liko barabarani. Barabara kuu itokayo Lusahunga, ikapita Nyakahura na Kasulo hadi daraja la Rusumo, ndiyo njia ya Rwanda. Na tawi lake lipitalo Ngara mjini na Kabanga ndiyo njia ya Burundi. Mjini Kigali magari ya umeme ya Volkswagen yalianza kujaribiwa mwaka 2019, na mwaka 2021 Serikali ya Rwanda ikayapunguzia kodi magari ya namna hiyo. Rusumo kwenyewe pana mtambo wa maporomoko wa megawati 80, ambao umeme wake hugawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Aidha, nikeli, madini yatumiwayo katika betri nyingi za magari haya, imo ardhini Kabanga, wilayani Ngara. Si ajabu, basi, kwamba fundi wa Nyakanazi amehitaji maelekezo haya kabla ya mwenzake wa miji mingine mikubwa zaidi.

Tuanze na kichwa chenyewe cha tafsiri: "Usawazishaji wa Magurudumu". Kwa mwalimu aliye darasani neno hili halina ila. Lakini gerejini zipo kazi mbili zilizo mbalimbali kabisa. Ya kwanza ni ile ambayo mafundi huiita kubalansi: gurudumu hufunguliwa, huzungushwa peke yake katika mashine, na vipande vidogo vya risasi hubandikwa kwenye ringi ili uzito wake uwe sawa pande zote. Ya pili ni ile waiitayo alaimenti, ambayo magurudumu hupimwa yakiwa yamefungwa garini, ili ijulikane yanaelekea wapi na yameinama kiasi gani. Kusawazisha ni jina linalofaa kazi ya kwanza. Mfasiri amelipa kazi ya pili, na hivyo ameinyang'anya ya kwanza jina lake. Mtumishi wa halmashauri akiandika "usawazishaji wa magurudumu" katika hati ya kuombea matengenezo, fundi atabandika risasi, ankara italipwa kihalali, na gari litarudi likienda kombo kama lilivyokuja.

Wako wanaopendelea "kunyoosha magurudumu". Nalo halifai, maana kunyoosha gerejini ni kazi ya nyundo: hunyooshwa bodi iliyobonyea na ringi iliyopinda shimoni. Gurudumu linalohitaji alaimenti huenda halijapinda hata chembe. Sisi tunaona kuwa alaimenti liachwe lilivyo. Limetoholewa na watumiaji wenyewe, linakubali viambishi vyetu bila taabu, na hakuna anayelikosea maana, hata kama watu wengi wa Ngara, ambao Kihangaza au Kishubi ndiyo lugha yao ya kwanza, hulitamka "araimenti". Kubuni neno jipya pale ambapo lililopo linafanya kazi yake ni kuwaongezea wananchi mzigo.

Hoja hiyo haitumiki kwa vipimo vitatu vilivyo ndani ya alaimenti, na hapa ndipo tafsiri yetu ilipoanguka vibaya.

Kipimo cha kwanza huonekana mtu akilitazama gari kutoka juu: je, magurudumu ya mbele yamesogeleana zaidi kwa mbele au kwa nyuma? Waingereza wamekiita kwa jina la kidole cha mguu, kwa kuwafikiria watu ambao nyayo zao huelekea ndani au nje watembeapo. Mfasiri wetu akaandika: "Kidole cha ndani kisizidi milimita tatu." Tunamwomba msomaji asicheke upesi. Fundi aliyeonyeshwa sentensi hii alitafuta chini ya gari kitu chenye umbo la kidole, akaona ncha ya tairodi, akaipima urefu wake. Hakuwa mjinga, alitii maandishi. Mfasiri alihamisha taswira ya watu wengine bila kujiuliza kama Mswahili akitaja kidole huwaza mwelekeo wa unyayo. Hawazi hivyo. Tungesema kwa maneno ya kawaida kabisa: magurudumu yamebana mbele, au yametanuka mbele. Kutokana na vitenzi hivyo twapata "mbano" na "mtanuko", na sentensi ile ikawa: "Mbano wa mbele usizidi milimita tatu." Fundi asiye na mashine atachukua futikamba au uzi, atapima umbali baina ya magurudumu kwa mbele, atapima tena kwa nyuma, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo mbano wenyewe.

Kipimo cha pili huonekana kwa kulitazama gari kutoka mbele: je, gurudumu limesimama wima, au kichwa chake kimeinamia ndani au nje? Wapo waliokitohoa wakaandika "pembe ya kamba". Katika gereji ambamo magurudumu yanapimwa kwa kamba hasa, utohozi huo ni mtego. Mfasiri wetu ameukwepa, akachagua "upinde". Bahati mbaya neno hilo hilo amelitumia kwa umbo la barabara, iliyoinuka katikati na kuteremka kandoni ili maji yasituame, kwa kuwa Kiingereza nacho kinatumia neno moja kwa vyote viwili. Matokeo yake ni sentensi hii: "Upinde ukizidi, gari huvuta upande." Upinde upi? Wa gurudumu hurekebishwa kwa spana. Wa barabara haurekebishwi na fundi yeyote. Jambo hili lina uzito wa pekee Rusumo. Huku kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo mteremko wa barabara huyasukuma kushoto; ng'ambo ya daraja hupita kulia, nayo husukumwa kulia. Dereva atokaye Kigali aweza kulalamika kwa haki kwamba gari lake limebadili tabia ndani ya saa moja, na fundi asiye na maneno mawili atafungua nati zisizo na kosa. Barabara ina mgongo. Madereva walisema hivyo zamani. Gurudumu tulipe "hanamu", neno ambalo maseremala wanalijua kwa kitu kilichokatwa au kulazwa mshazari. Maana yake itafafanuliwa kwa urahisi: hanamu ni kiasi ambacho gurudumu limeacha timazi. Kila mwashi wa Biharamulo anaijua timazi, na fundi wa magari aweza kuiazima kwa jirani akapimia.

Tumesikia pia pendekezo la "matege", nalo lina utamu wake. Kasoro yake ni kwamba matege ni kilema. Hanamu si kilema. Mtengenezaji huiweka makusudi, kwa kiasi fulani cha digrii, na gari lisilo nayo pale inapotakiwa ndilo bovu. Hapa tumegusa udhaifu ambao si wa mfasiri huyu peke yake. Lugha ya gereji ni tajiri mno kwa majina ya maradhi: tairi linaliwa upande, usukani umekaa kombo, gari linakwenda upande, bushi zimekufa. Haya mfasiri ameyatumia vizuri, na kurasa zake za dalili za ubovu zinasomeka kana kwamba hazikufasiriwa. Lakini jina la ugonjwa haliwezi kuwa jina la kipimo, kama vile "homa" isivyoweza kuwa jina la joto la mwili. Hata neno "kuvuta" lataka uangalifu: "gari hili linavuta" ni sifa ya gari lenye nguvu, "linavuta kushoto" ni malalamiko, na "linavutwa" ni habari ya gari lililoharibika njiani.

Kosa lifuatalo ni la nia njema. Pale asili iliposema kushoto na kulia, mfasiri ameandika "upande wa dereva" na "upande wa utingo", ndivyo mafundi wasemavyo. Kwa magari yetu usukani uko kulia. Kwa magari mengi ya Rwanda uko kushoto, na gereji za njia hii hupokea ya aina zote mbili kwa siku moja. Maelekezo yote yamegeuka kichwa chini kwa nusu ya wateja. Kushoto na kulia kwa mtu aliyeketi garini akitazama mbele ni maneno makavu, lakini hayavuki mpaka yakabadilika.

Yote hayo yahusu gari la aina yoyote, ingawa gari la umeme, kwa uzito wa betri yake na kwa nguvu ya mota inayokuja mara moja, huzila tairi zilizokosewa alaimenti upesi zaidi. Yahusuyo umeme hasa yamo katika mistari minne ya mwisho, na mistari hiyo ingepaswa kuondolewa leo. Imeandikwa: "Zima gari, ondoa betri, hakikisha hakuna moto, kisha inua kwa jeki katikati." Katika gari la mafuta, kuzima ni kunyamazisha injini, na sikio hutosha kuthibitisha. Gari la umeme hunyamaza hata likiwa tayari kwenda. "Betri" nayo ni mbili: ndogo ya volti 12, aijuayo kila fundi, na kubwa iliyotandazwa chini ya sakafu, yenye takriban volti 400 na katika magari mengine 800. Fundi ataondoa ndogo na kujiona salama, ilhali kubwa imejaa. "Moto" gerejini ni umeme ulio wayani, lakini kwa mwanafunzi aliyetoka shule ni miali. Mmoja atatafuta kwa taa ya kupimia, mwingine kwa macho. Na "katikati", penye jeki, ndipo ilipo betri kubwa.

Sisi tungeandika hivi: "Hakikisha kwa taa za dashibodi kuwa gari halimo katika hali ya kwenda. Usifungue wala kukata waya wowote wa rangi ya machungwa. Weka jeki penye alama nne za kuinulia tu. Usiiweke kamwe chini ya betri ya mwendo." Twapendekeza "betri ya mwendo" kwa ile kubwa na "betri ya huduma" kwa ile ndogo.

Kinabaki kipimo cha tatu, mlalo wa mhimili wa usukani utazamwapo kutoka ubavuni mwa gari, ambao ndio huurudisha usukani katikati baada ya kona. Mfasiri ameuacha bila jina. Sisi twaegemea "mwegamo", ila waunda majahazi wa pwani huenda wanalo neno bora kwa namna usukani wa chombo unavyolazwa katika tezi, na ingefaa waulizwe kabla Baraza halijaamua.