Utamu Uliowahiwa

Mpika togwa wa Butiama huupima utamu kwa ulimi. Uji wa ulezi ukipoa kiasi cha kuvumiliwa na kidole, hutia unga wa kimea na kukoroga. Uzito hulegea taratibu, kisha tone la kwenye mwiko huwa tamu bila sukari ya dukani. Kesho yake togwa huanza kukwaruza ulimi. Ikiachwa zaidi, inachachuka na kuwa pombe. Ili auwahi utamu huo, mpika togwa hana njia ila kuwaita watu wanywe.

Mtengeneza mvinyo mtamu ana njia nyingine. Zabibu zikishapondwa, hamira huanza kula sukari na kuigeuza kilevi, povu jekundu likipanda hadi ukingo wa pipa. Ikiachiwa, itakomba yote. Basi yeye hupima, huonja, hurudi usiku kupima tena. Sukari ikikaribia nusu, humimina pombe kali iliyokenekwa kutoka kwa zabibu. Kilevi kikipanda kufikia asilimia 18 hivi, hamira hufa na povu hutulia. Akiwahi mno, anapata kitu kizito kama shira. Akichelewa, utamu ulioliwa haurudi.

Wareno wa bonde la Douro, ambalo mashamba yake yaliwekewa mipaka mwaka 1756, wameujengea ufundi huu jina la dunia nzima.

Tanzania, zabibu ni za Dodoma. Wamisionari Wakatoliki walizipanda Bihawana mwaka 1957. Leo huvunwa mara mbili kwa mwaka, na Dompo, mvinyo mtamu wa huko, unajulikana nchi nzima.

Kanisani ufundi huu una heshima yake. Mwaka 1896 Roma iliruhusu divai ya misa iongezwe pombe, mradi imetoka kwa zabibu na kilevi kisizidi asilimia 18. Padri anayezunguka vigango vya mbali huko Bunda anaweza kuelewa sababu: divai nyepesi ikishafunguliwa, joto huigeuza siki upesi, lakini hii iliyotiwa nguvu hungoja misa nyingine.

Butiama hakuna cha kungoja. Chungu kimebaki nusu, watoto wameshika vikombe, na jua bado halijafika utosini.